Lango la Kushoto

Ijumaa, kipindi cha mwisho, Punta Arenas.
Upepo umeegemea madirisha kama mdai
aliyeambiwa mwenye nyumba hayupo.
Jumatatu kuna mtihani, nami nimechoka
kusema "moyo una vyumba vinne"
mbele ya watu thelathini na mmoja wanaotazama saa.

Basi nikasogeza madawati,
nikapiga magoti, nikabandika utepe sakafuni:
mwekundu kwa damu iliyopata hewa,
wa buluu kwa damu inayoitafuta.
Uliniishia karibu na mapafu,
nikamalizia kwa chaki.
Moyo wenyewe ulitoka umepinda,
umefanana zaidi na kiazi.

Vizibo vya soda ndiyo oksijeni.
Ukiwa chembe ya damu, unakimbia:
chukua kizibo mapafuni, pale mlangoni,
ingia juu kushoto, shuka chini kushoto,
toka kwa aorta, mpelekee Yanira
ambaye leo ni kidole gumba cha mguu
na anaishi mbali, chini ya ramani, akilalamikia baridi.
Kundi litakalomfikishia vizibo hamsini kwanza
halitafuta ubao mwezi mzima.

Barría hakimbii.
Ipo barua ya daktari kwenye droo yangu,
imekunjwa mara nne, na nimeahidi.
Nikampa vipande viwili vya boksi la biskuti:
wewe ni vali. Simama hapa.
Wakija, fungua. Wakishapita, funga.
Aliyepita amepita; maji yakimwagika hayazoleki.

Oyarzo akashika mdundo kwa rula,
du-dup, du-dup, juu ya dawati,
na damu ikaenda mbio, ikateleza, ikagongana,
damu ikaacha kiatu kwenye kona ya aorta,
Millaray akitaja mishipa kwa kelele
bila kujua kwamba anadurusu.
Nilijipongeza, sikatai.

Kisha nikamwona Kusanovic akirudi kinyumenyume
kutoka chumba cha chini, akipenya langoni,
na Barría amemwachia mwanya.
Akaja mwingine. Kila mdundo wa tatu, mmoja.
"Amehongwa!" kundi la pili likafoka.
"Vali gani hii? Funga!"

"Langu halifungi sawasawa," akasema,
kama mtu anayetaja namba ya viatu vyake.
"Daktari akisikiliza,
husikia kitu kama ufagio."

Rula ikabaki hewani.
Nilikuwa na sentensi ya kumsitiri,
imeshafika menoni,
ila kidole gumba kikanitangulia:
"Kumbe ndiyo maana mimi nimepata vizibo tisa tu."
Na Barría akacheka. Yeye wa kwanza.

"Tucheze hivyohivyo," Oyarzo akasema,
"tuone moyo utafanyaje."

Moyo ulifanya kazi.
Ili Yanira asife ganzi, rula iliongeza kasi,
du-dup-du-dup, pasipo nafasi ya kumeza mate;
vizibo vikafika, vichache vichache,
na Oyarzo jasho likimtiririka kidevuni
akabadilisha mkono, akabadilisha tena,
hatimaye akaiweka rula chini.
"Siwezi. Mkono umekufa."
Akamtazama Barría. "Wako hufanya hivi kila siku?"
"Hata usiku," Barría akamjibu.

Jumatatu, swali la saba, alama mbili,
mistari miwili: eleza kazi ya vali.
Barría aliandika maneno matatu,
*kuzuia damu kurudi*,
nikampa zote.
Oyarzo alijaza mistari, akapanda pambizoni,
akageuza karatasi, akaendelea upande wa pili,
na mimi sikuwa na alama za kumtosha.

Utepe bado uko sakafuni.
Jioni hii, darasa tupu, nilikuwa nimefika kwa aorta
nikakumbuka chaki yangu iko mapafuni,
hatua tano tu nyuma.
Nikazunguka mwili mzima kuifuata.