Chupa za Nyaketcho

Dereva wa Malaba alisema maji ni maji.
Akajaza ya kisima kwenye rejeta, akafunga kifuniko,
akaondoka na tani ishirini za saruji.
Wiki ya saba alirudi anavutwa kwa mnyororo.

Ndipo Nyaketcho akapanga chupa za jamu dirishani,
hapa gereji, Tororo, mwamba ukituchungulia.
Ndani ya kila moja: msumari, kipande cha shaba,
tone la lehemu, na ukucha wa alumini
alioukata kwenye injini iliyokufa.
Akawafunga kwa waya mmoja, kama wake wenza chumba kimoja.
Kila asubuhi tukazikalisha kwenye sufuria juu ya sigiri,
maana injini haiishi kivulini.

Ya kisima: siku ya tatu msumari ukaanza kulia kahawia.
Ya mvua, tuliyoikinga batini kwa kanisa,
tulidhani itakuwa na huruma.
Ilichelewa tu.

Kulanti ya kijani ilimvika alumini shuka jeupe, jembamba,
upesi, kama mkunga na mtoto.
Ila shuka huchakaa. Mwaka wa pili, alisema, halipo.
Ya waridi haimvishi mtu.
Inangoja; pale panapoanza kuuma ndipo inapoweka kidole,
na ina subira ya miaka.
Lakini lehemu haikupatana nayo:
tone lilipauka, likawa unga.

Ya tano nilichanganya mimi, kijani na waridi,
nikidhani wema wawili ni wema maradufu.
Ukawa uji.
Nyaketcho hakunigombeza.
Aliandika tarehe kwenye chupa, na jina langu.

Nilichokiona, na hakuna aliyenionyesha:
katika maji matupu, alumini ndiye aliyeliwa kwanza.
Shaba ilikaa pembeni, inang'aa,
haijui nani anailipia.

Dereva akaja kuchukua lori. Akauliza, ipi bora?
Bora kwa nani? alisema Nyaketcho,
mikono yake imo ndani ya injini mpaka viwiko.
Usiniulize rangi. Niulize humu ndani wanaishi akina nani.

Chupa ya tano ingali dirishani.
Wateja huniuliza kama ni dawa,
na kama ni dawa,
inatibu nini.