Mgeni Njoo

Kililetwa na mhudumu wa upasuaji saa tatu na robo,
ndani ya kopo lililowahi kuwa la siagi ya karanga,
kikielea kwenye fomalini. Namba kumi na moja arobaini na saba.
Utumbo mwembamba, mwishoni, jirani na kidole tumbo.
Umri: miaka tisa. Makazi: Vingunguti.
Jina lilikuwa limelowa. Halikusomeka.

Nta inataka subira, na Machi hii Upanga inatokota.
Feni inazungusha joto lile lile.
Nta ikilegea, kisu kinakunja badala ya kukata,
basi nikanunua barafu za ukwaju kwa Mama Nkini wa getini,
tano, nikailaza nta juu yake,
nikakata: mikroni nne, mikroni nne,
utepe ukashuka mwepesi kama ganda la ndani la kitunguu.
Nikautandaza juu ya maji vuguvugu, nikauvua kwa kioo.
Zambarau kwanza. Waridi baadaye.
Barafu nikazinywa.

Kwenye darubini, vidole vya utumbo vilitangulia,
virefu, vimesimama wima, vimeshonewa vikombe vya kamasi.
Halafu vidole vikakoma.
Hapo ukuta unavimba kuwa kuba, kipara,
na chini ya kuba ni giza la zambarau:
limfosaiti, maelfu, bega kwa bega,
kiini kitupu, mwili haba, kama watu wa foleni
waliokuja na vitambulisho tu.
Katikati ya giza pana duara jeupe.
Humo seli hugawanyika, hujaribu, hukosea,
na iliyokosea huliwa na mlaji
ambaye ukimchungulia, makombo bado yamo tumboni.

Dokta Nyagawa huwaambia wanafunzi: baka la Peyer.
Mswisi, asema, wa zamani sana.
Wanaandika. Mimi naosha vioo.

Lakini juu ya kuba kuna seli chache ninazozipenda.
Hazina manyoya, hazimeng'enyi kitu.
Kazi yao kupokea. Chochote kipitacho,
chembe, kijidudu, cha heri au cha shari,
humshika mkono, humvusha ukuta,
humkabidhi kwa walio ndani
wamtazame, wamjue, wamkumbuke miaka.
Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Siku zote nilidhani methali ile ni ya sinia na mkeka.

Nikasogeza kioo kushoto.
Kuba likachimbika. Kingo zimeoza,
damu imetapakaa bila mshipa,
kisha hapana kitu: mwanga wa taa tu, mviringo,
tundu.
Taifodi. Mahali pale pale pa karibu.
Alibisha hodi kama wengine, akavushwa kama wengine.
Ila alipokabidhiwa kwa mlaji hakulika.
Alikaa humo. Akazaa humo.

Mhudumu alisema bomba la mtaa wao lina wiki mbili kavu.
Ndoo ya toroli, shilingi mia saba.
Kisima nyuma ya choo, bure.

Nikawaza: ningekuwa mimi fundi wa mwili huu
ningeziba. Saruji, nondo, kufuli.
Kisha nikamwona mtoto akikua na utumbo usiomjua mtu,
unaoogopa hata maziwa.
Nikaacha kuwaza. Si kazi yangu kuziba.
Kazi yangu ni kukata vyembamba, mwingine aone.

Nilikuwa nabandika lebo simu ya wadini ilipolia.
Muuguzi, sauti ya usingizi: yule wenu wa utumbo ameamka.
Anasemaje?
Anaomba maji.
Najua hapewi, bado ana mshono, ana dripu.
Hata hivyo nikajikuta nauliza
maji hayo yatatoka wapi.