Kopo la Risiti

Kiboriloni, saa kumi na mbili na robo.
Mlima umejifunika shuka, haujaamka.
Mimi nimeshaamka mara mbili:
kwanza kwa ajili ya mashine ya kusaga,
pili kwa ajili ya mtoza ushuru.

Nina kopo la biskuti, urithi wa mama mkwe.
Biskuti zenyewe hakuna.
Mna leseni, mna ushuru wa soko,
mna risiti ya zimamoto
(mtungi ninao, mwekundu, haujatema hata povu),
ya mizani, ya taka, ya kupima afya,
na ya bango: MAMA NDESHI ULEZI SAFI,
maana hata jina langu linapimwa kwa futi.

Sikatai kulipa, tuelewane.
Lami ya Uru sikuimwaga mimi,
na mwaka ule wa kipindupindu gari la dawa lilifika.

Ila soko limenifundisha jambo moja:
mteja ana miguu.
Unga wangu ukiwa na mchanga asubuhi,
adhuhuri yuko kwa Kandida, meza ya tatu,
na jioni mimi nachekecha upya, nimenuna.
Hakuna waraka ulioniamuru kuchekecha.
Ni ile miguu.

Sasa Ndeshi wangu, darasa la tano,
watoto mia na kumi na wawili chumba kimoja,
mwalimu wa hesabu yuko masomoni tangu Pasaka.
Elimu ni bure:
bure ya mlinzi, elfu mbili,
bure ya uji, bure ya rimu ya karatasi,
bure ya mtihani wa majaribio.
Nikalalamika. Nikaambiwa niandike barua.
Na Ndeshi, miguu anayo,
meza ya tatu iko wapi?

Ilikuwa Uru, kwenye banda la kukobolea kahawa,
lililolala tangu bei ilipokufa.
Mwalimu Aminieli, mstaafu, alilipaka chokaa,
akafuta utando, akatundika ubao.
Tulimlipa kwa wiki,
huyu pesa, yule mkungu wa mchare, mimi unga.
Hakuna aliyemlazimisha mwenzake.
Mwezi wa nne Ndeshi akanisahihisha chenji
mbele ya wateja.
Niliona aibu. Niliona fahari.
Sikujua nianze na ipi.

Ndipo akaja Bwana Kileo na futi kamba.
Akapima dirisha, akapima mlango,
akahesabu matundu ya choo,
akauliza cheti, ramani, uwanja wa mpira.
Hakuuliza mtoto hata mmoja saba mara nane.
Akaacha kufuli, jipya, la shaba,
kitu pekee serikali iliyowahi kukileta pale.

Usiku ule nilimwaga kopo kitandani, nikajumlisha.
Nikamwambia Kandida:
laiti robo tu ya hizi ingemfuata mtoto mgongoni, kama begi,
aingie nalo darasa alitakalo,
walimu wagombee begi kama sisi tunavyogombea wateja!
Kandida akanyonya meno.
"Na yule ambaye mama yake hana hata kopo?"
Nikasema, naye apewe begi.
"Na begi likiishia mikononi mwa tapeli
mwenye chokaa nzuri kuliko ya Aminieli?"
Hapo nilikunja risiti zangu.
Swali lake bado ninalo,
kama gunia lenye tundu, linanivujia njiani.

Siku hizi Aminieli ana kwaya.
Kwaya haihitaji uwanja wa mpira.
Wanakutana barazani kwake, sauti tatu,
na ukipita utasikia besi zikiteremka:
hamsini na sita, sitini na tatu, sabini na mbili.

Jumamosi Bwana Kileo alikuja mezani kwangu.
Kilo mbili za ulezi, za uji wa mwanawe.
Nikapima, nikaongeza kiganja, nikamkatia risiti.
Akaikunja polepole, mara nne.
Akatazama kushoto, akatazama kulia,
akaniuliza kwaya inapokea watoto wa umri gani.