Pipa la Arobaini na Moja

Usinywe bado.
Iache ipumue, anasema Don Nazario,
aliyelinda ghala hili tangu nywele zake zikiwa nyeusi,
na ambaye hunikumbusha jambo hilo hilo kila Jumanne
kana kwamba pua yangu ni ngeni hapa Arandas.

Nje, udongo ni mwekundu kama tofali lililovunjika,
na mkonge wa buluu umejipanga hadi mlimani,
kila mmea na mikuki yake.
Humu ndani ni ubaridi, giza, harufu ya ubao ulioloa.
Mapipa yamelala ubavu, tumbo kwa tumbo,
na juu ya la arobaini na moja, kwa chaki,
mwandiko wa kaka yangu:
Evodio. Novemba. Msiguse.

Alilijaza wiki aliyoondoka kwenda Fresno.
Nikirudi tutalifungua, alisema,
akagongomea kizibo kwa nyundo ya mti.
Miaka saba.
Paa limekwisha kunywa theluthi yake, wala halijalipa.

Basi naiinua tekila kwenye taa.
Imeipita dhahabu;
ni chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni.
Naizungusha. Machozi yanateremka kiooni
mazito, hayana haraka ya kufika chini.
Nanusa: vanila. Sukari inayoanza kuungua sufuriani.
Nazi kavu. Ngozi ya tandiko.
Karafuu, moja tu, imejibanza.

Napiga funda dogo, la kulowesha ulimi.
Nalikalisha.
Navuta hewa katikati ya meno.

Mwaloni.
Tena mwaloni.
Kabati la bibi, milango yake, rafu zake,
na funguo pia.

Subira huvuta heri, ndiyo,
lakini hakuna aliyesema ivute mpaka lini.
Kuna siku heri hufika, hubisha hodi,
haikuti mtu, ikaenda zake.
Labda ilikuwa mwaka wa nne. Labda Machi,
nami nilikuwa hapa hapa, nikiiheshimu chaki.

Jumapili alipiga simu.
Sauti ni yake, ila imekaa mno kwenye mbao za watu:
alilitafuta neno la kisima chetu, akalikosa,
akacheka, akasema lile shimo, lile la maji.

Vipi, Hermelinda? anauliza Don Nazario,
kalamu mkononi.
Ngoja, namwambia. Sasa wewe ndiye ungoje.

Kwa sababu mate yanarudi, koo linapoa,
na huko nyuma kabisa, mbao zikishaondoka,
kuna kitu kibichi:
pilipili manga, ganda la ndimu,
kisha mkonge wenyewe, wa moto, kutoka tanurini,
vile vipande tulivyoiba mimi na yeye
tukivinyonya nyuma ya ukuta,
nyuzi zikinasa menoni, mama akifoka.
Mwembamba kama uzi wa buibui.
Upo.

Andika, nasema: mbao zimezidi.
Lisiuzwe peke yake. Lichanganywe na changa.
Anaandika. Anachukua kitambaa, anaiendea chaki.
Hiyo iache, Don Nazario.

Kazini hatumezi. Ulimi wa kazi hautaki ulevi;
ndoo ya kutemea iko hapa, karibu na kiatu changu,
tangu asubuhi imepokea mapipa kumi na mawili.

La kumi na tatu haijalipata.
Nimemeza,
na nimesogeza bilauri kwa zamu ya pili.