Herufi ya Kwanza Kuchakaa

Karani wa mahakama aliirudisha karatasi
akicheka hadi miwani ikamteleza puani.
"Huyu mzee wako anakata rufaa
au anaikataa?"

Nikasoma. Kweli:
Mimi, Elinaja Mkwizu, mkazi wa Tabata Kimanga,
ninakataa rufaa.
Mzee alikuwa kando yangu, kofia mkononi,
nyumba yake ya vyumba vitatu ikining'inia
kwenye herufi moja iliyozidi.

Sikukosea mimi. Ni kibodi.
Wiki ya pili sasa A ina kigugumizi:
naibonyeza mara moja, inatoka mbili,
nikiigonga kwa hasira, haitoki.
Ijumaa nilichapa tangazo la msiba,
baba yetu mpendwa amekufaa.
Wanawe walisoma, wakatazamana,
wakalipa nakala hamsini, wakaondoka.

Usiku kibodi si yangu, ni ya Sudi,
mdogo wangu mwenye vita vyake kwenye kioo.
"A ndiyo kushoto, dada.
Siku tatu nakufa upande uleule."

Tukagombana nani kaiua.
Wewe na risasi zako, nikasema.
Wewe na Kiswahili chako, akajibu.
"Hebu hesabu: baba, mama, kaka, dada,
saa, dawa, kanga, maharage, mashtaka.
Lugha gani hii inakula A kama chumvi?"

Nikahesabu. Nikanyamaza.
Hata kiumbe hai, kwetu, huanzia hapo:
anakula, analala, anadai chenji.
Iondoe A
na hakuna mtu mjini anayefanya lolote.

Kibodi mpya Kariakoo, laki na themanini.
Nikamshukuru muuzaji kwa kiti na maji,
nikapanda ngazi mbili juu ya duka la mapazia
kwa fundi Lusajo.

Aling'oa vitufe kimoja kimoja kwa kibanio.
Chini yake: maganda ya karanga, unywele wangu,
vumbi la miaka minne,
na kipini cha sikio nilichomsingizia jirani.
Akainama, akaibonyeza A karibu na sikio.
"Springi nzima. Kijibati cha ndani ndicho kimechoka,
kinagusa mara mbili
kama mtu asiyeamini kwamba amefunga mlango."

Swichi ya aina ile hakuwa nayo.
"Tuazime humuhumu. Herufi gani hamuihitaji?"
Q, nikasema.
Sudi akaruka: "Q ndiyo bomu langu!"

Basi X.
Kiswahili hakina kazi nayo.
Tunaikuta kwenye daftari la hesabu,
na kwenye kuta zinazongoja tingatinga,
kama ile waliyomchorea Mzee Mkwizu,
nyekundu, mlango mzima,
rangi ikichuruzika hadi kwenye kizingiti.

Risasi ikayeyuka, moshi mwembamba ukapanda
ukakatwa na feni.
X ikatoka na miguu yake miwili ya shaba,
ikahamia kwa A.
Elfu saba. Sudi akalipa elfu mbili, akasema ana deni.

Jioni hiyohiyo nikachapa upya.
Ninakata rufaa.
Nikahesabu A kwa kidole, kama mtoto wa darasa la kwanza.
Zilitosha.

Ikabaki aya ya choo alichochimba mwaka wa tisini na nne,
yeye na mkewe, kwa zamu, koleo moja.
Mwanasheria alisema niikate hapo, niihamishie mwisho,
mahakama haina muda na vyoo.
Nikaiweka kivuli, nikashika kontroli,
kidole cha pili kikaenda kwenye X
kikazama shimoni.

Kibodi imekataa kukata.

Ningeweza kuifuta, nikaichapa tena chini.
Mzee alikuwa amesinzia kwenye benchi, kofia magotini.
Nikaiacha aya palepale,
mwanzoni,
nikabonyeza chapisha.