Matofali Mia Tatu na Kumi

Ukuta ule baba aliujenga kwa jioni saba,
kwa matofali ya karakana ya manganisi iliyofungwa,
akikoroga saruji kwenye beseni nililoogeshewa utotoni.
Ulipita katikati ya jiko.
Upande wa mama ukabaki na tanuri, wa baba na bomba:
mama moto bila maji,
baba maji bila moto,
na mimi Tekla, wa miaka tisa, mchukuzi wao,
ndoo kwenda, birika kurudi,
nikiizunguka nyumba kwa nje, mvua au theluji,
bila ujira.

Chanzo kilikuwa pete.
Pete ya babu ilitoweka kabatini,
na bibi Ksenia akatamka mezani, mbele ya wageni kumi na wanne,
glasi zikiwa zimeinuliwa:
"Huyu mkaza mwanangu ana mkono mzito kwa chumvi
na mwepesi kwa vya watu."
Wote wakamgeukia baba.
Baba akaitazama glasi yake.

Kimya kingi kina mshindo mkuu, walisema wahenga.
Cha baba kilikuwa na matofali mia tatu na kumi; niliyahesabu.
Tusi la bibi mama angelimeza.
Kimya cha mumewe kilimkwama kooni.
Mahakamani hakimu aligawa hata vijiko.

Chiatura ni mji wa korongoni.
Watu husafiri kwa vibanda vya chuma vinavyoning'inia wayani,
kimoja kikipanda, kingine kikishuka,
vikapishana hewani, juu ya mto Kvirila mweusi.
Mama alishuka kwenda kushona;
baba alipanda, akitoka zamu ya usiku.
Miaka kumi na minne, kila asubuhi,
dirisha kwa dirisha,
huyu akitazama mlima, huyu akitazama mto.
Ipolite mkata tiketi aliniambia siku moja:
"Baba yako hutazama mto mpaka mama yako apite.
Kisha hugeuka, akamsindikiza kwa macho hadi chini."
Sikumwambia mama.
Nilikuwa nimebeba vyao vya kutosha.

Kisha bibi akaanza kusahau.
Alisahau miwani, akasahau Jumanne,
akasahau kwamba babu amekufa,
na usiku mmoja wa Januari akasahau chuki yake.
Akagonga ukuta kwa kijiko:
"Lamara! Mwanangu, chai inapoa, mbona huji?"

Mama alikuwa anapinda suruali ya mteja.
Sindano ikasimama.

"Mama, Lamara hayupo," ilisema sauti ya baba.
"Hayupo, yuko wapi? Jumber, umemfanya nini mke wako?"
Nikasikia kiti kikisogezwa.
Nikasikia bomba likidondosha, tone, tone, tone.
"Nilinyamaza, mama," alisema baba.
"Nilijua hakuiba, nikanyamaza."

Hakulia, mama yangu.
Alikata uzi kwa meno,
akachukua kopo la jamu ya walozi mabichi,
akatoka na ndala kwenye theluji,
akaizunguka nyumba ile njia yangu,
akagonga mlango aliowahi kuupaka rangi mwenyewe.
Baba alipofungua, alisema tu:
"Maji yako yako wapi? Birika langu limekauka."

Bibi akamkaribisha, akamsifia mkono wake wa chumvi.

Nitasema kweli: niliwaonea hasira.
Ugonjwa wa kikongwe ulifanya kwa dakika moja
nilichokiomba kwa mishumaa tangu nikiwa darasa la tatu.
Baba hakuubomoa ukuta. Alitoa tofali moja, la kupitishia kikombe.
Baada ya wiki, la pili.
Machi nilikuta tundu la kupita mtu aliyeinama,
na mama, wa miaka hamsini na mbili, ameinama,
nywele zimejaa vumbi, anacheka kama mwizi.

Pete haijaonekana mpaka leo.
Hakuna anayeitafuta.
Ndoo yangu ipo uani, imetoboka,
wamepanda ndani yake kotimiri.