Kona ya Bomba

Sururu ya Ambakisye ilisema ko,
si ki ya jiwe, wala si du ya mzizi.
Tukanyamaza wote mtaroni,
ukungu wa Mwakaleli umetufika mabegani.

"Mali ya Mjerumani," mmoja akanong'ona,
na kila mtu akaanza kujenga nyumba kichwani,
bati la msauzi, geti la kijani.
Hata mimi, karani wa kuhesabu mita,
nilishanunua ng'ombe wawili wa maziwa.

Kilikuwa chungu.
Kimelazwa kifudifudi karibu na fuvu,
kama kitu ulichoambiwa, nishikie, narudi sasa hivi.
Ndani, udongo. Chini ya udongo, udongo.
Na nje, masizi.

Masizi ndiyo yaliyonikalisha chini.
Hakikufinyangwa kwa ajili ya kaburi hiki.
Kilipika, kikaunguza, kikakwanguliwa,
kikateta na mafiga miaka na miaka
kabla ya kupewa kazi ya kulala.

Tulimwita Subilaga, Mkisi, anayepanda kutoka ziwani
siku za gulio, vyungu vyake vimeviringishwa majani ya mgomba.
Hakuuliza ni cha lini.
Alilamba kigae, akatema:
"Wa kwetu huu. Mchanga wake unauma ulimi."
Akapitisha kidole gumba kwenye alama za shingoni,
moja moja, kama anayemfunga mtoto vifungo,
akasita.
"Mfinyanzi alikuwa na shoto.
Na hapa kachoka, kampa mwingine amalizie.
Tazameni kucha, ndogo. Anajifunza.
Kabonyeza mno."

Alama nne, zimebonyezwa mno.
Ambakisye alizitazama, kisha akatazama sururu yake,
akaenda kuifuta kwenye nyasi
ingawa haikuwa na tope.

Mwenyekiti alipanda kichuguu kutafuta mtandao, awapigie wa mjini.
Mvua ilimtangulia.
Tukakirudisha kama kilivyokuwa, mdomo chini,
lakini kwanza Subilaga alikigonga kwa kifundo cha kidole,
vile anavyowagongea wateja wasikie kama ni kizima.
Kililia. Sauti imekwaruza, sururu ile,
ila kililia.

Bomba limepinda pale, mita tatu, kushoto.
Kwenye ramani niliandika: mwamba.
Iko siku fundi kijana atakuja na vipimo vyake,
atautafuta mwamba, asiuone,
na atanitukana mimi pamoja na shule niliyosoma.